Bastola Ilikuwa ya Nani

Jumapili, saa 3:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la vitenge, barabara ya Chaussée de Wavre, Brussels. Kyungu alichora duka la dhahabu la mzee Armand kwenye kipande cha boksi.

"Minute trois, dakika tatu, basi. Kalenga anabeba mufuko. Mi nasimamia muzee. Victorine anabakia ku volant, mu gari. Silaha hapana."

"Apa, tonton," Kalenga alimwambia Kyungu.

"Naapa."

Saa 4:25.

Soko la Gare du Midi, mbele ya duka la Armand, lilifurika watu. Victorine hakuzima injini. Akasikia mlio mmoja wa risasi.

Kyungu alitoka mbio, bastola mkononi. Ndani, mzee Armand alikuwa amemng'ang'ania mkono, bastola ikalia. Risasi ikampata Kalenga shingoni. Kalenga alijikokota hadi mlangoni, mfuko kifuani.

"Endesha. Umuache," Kyungu alimwambia Victorine.

Victorine alishuka, akamvuta Kalenga ndani ya gari. Kyungu akanyakua mfuko, akazama sokoni.

Polisi walimkuta Victorine hospitalini, mtaa wa Jette, mikono imeganda damu. Hakukimbia.

Miezi saba baadaye. Jumanne, saa 2:50 asubuhi.

Kyungu alishakamatwa, na alishatoa maelezo yake polisi. Kalenga alikuwa hai, lakini tangu risasi ile hakuweza kusema wala kuandika.

Victorine aliletwa kutoka gerezani kusikilizwa na jaji. Wakili wake, Inès, alimvuta pembeni ya korido.

"Leo hawahukumu, maman. Mlango unafungwa, jaji anapima jambo moja tu: ushahidi unatosha kesi iende mahakamani, mlango wazi, mbele ya watu? Kyungu anasema bastola ni ya Kalenga, na wewe hukujua kitu. Ukinyamaza, jina lako linaweza kuishia hapa. Unarudi nyumbani."

"Na Kalenga?"

Inès alifunga faili, akatangulia kuingia.

Saa 3:15.

Mwendesha mashtaka alimaliza. Jaji akauliza kama kuna mwenye neno. Kyungu alimkazia Victorine macho.

Victorine alisimama.

"Nilijua. Plan niliisikia yote, na ni mimi niliendesha. Bastola ni ya huyu Kyungu. Kalenga alibeba mufuko tu."

"Madame, unaelewa unajifunga mwenyewe?" jaji aliuliza.

"Naelewa. Munipeleke kule mlango uko wazi, nirudilie maneno haya mbele ya watu."

"Weye mujinga," Kyungu alinong'ona.

"Bon. Lakini tutaenda wote."

Wiki mbili baadaye uamuzi ulifika gerezani: wote watatu mahakamani, na shtaka la risasi kwa jina la Kyungu. Victorine aliusoma mara mbili. Kisha akaomba kalamu, akaanza kumwandikia mama yake Kalenga kwamba bastola haikuwa ya mwanawe.