Maji ya Saa ya Hesabu

Kila alasiri kengele ilipolia, wavulana wa Gredi ya Nane walitoa vitabu vya Hesabu na wasichana walichukua mitungi. Hakuna aliyehitaji kuwaambia. Ilikuwa hivyo tangu walipojiunga na shule ile ya Miasenyi, na ilikuwa hivyo kwa wasichana waliowatangulia. Walisimama kando ya barabara kuu wakingoja malori yapite, wakavuka, wakapanga foleni kwenye kioski cha maji, kisha wakarudi na mitungi kichwani. Maji hayo yalikuwa ya jikoni, ya chai ya walimu, na ya kufulia nguo katika nyumba za walimu.

Elsie alizoea kurudi darasani akitiririkwa na jasho na kukuta ubao unafutwa.

"Mwalimu, tunaomba uturudilie kidogo," alisema siku moja.

"Nimeshafundisha. Titus atawaeleza," mwalimu wa Hesabu akajibu, akatoka.

Titus, kiongozi wa darasa, akacheka. "Si mlikuwa mmeenda maji? Mimi si mwalimu wenu."

Matokeo ya mtihani yalipotoka, wasichana karibu wote walikuwa wameanguka Hesabu. Ijumaa, gwarideni, mwalimu mkuu, Bwana Gilbert, aliwasimamisha mbele ya shule nzima.

"Tazameni aibu hii! Wavulana wamejitahidi. Nyinyi kazi yenu ni kupiga domo tu."

 Elsie akainua mkono. "Mwalimu, saa ya Hesabu sisi huwa tunateka maji."

Bwana Gilbert akamkazia macho. "Nyumbani kwenu nani huteka maji? Baba yako?"

Shule nzima ikaangua kicheko. Hata baadhi ya walimu walicheka.

"Basi usiniletee siasa hapa. Keti!"

Elsie aliketi, lakini kicheko kile alienda nacho nyumbani, akalala nacho na kuamka nacho. Jumatatu alasiri, wasichana walipokwisha kupanga mitungi iliyojaa mbele ya ofisi, alisikia wavulana wakijibu maswali ya Hesabu kwa pamoja, sauti zikitoka dirishani. Akaupiga mtungi wake teke. Ukaanguka. Akauangusha wa pili, akauangusha wa tatu.

"Hatuteki tena!" alipiga kelele. "Wanywe vumbi!"

Maji yalishuka ngazi na ardhi nyekundu ikayameza papo hapo. Wasichana wengine walishangilia. Ghafla Elsie akasukumwa kifuani, nusura aanguke. Alikuwa Kathini, aliyekaa naye dawati moja.

"Huo ulikuwa wangu!" Kathini alisema kwa hasira.

"Kathini, si tunapigania haki yetu?"

"Haki yako! Kwenu mna tangi na mfereji. Ukitoka hapa unaenda kunywa chai. Mimi nikitoka hapa nateka mengine ya nyumbani. Kwetu ni ng'ambo ya reli, na ndovu wakiwa njiani tunangoja mpaka wapite. Wewe umewahi kungoja ndovu? Unamwaga maji kwa sababu hujui uzito wake!"

 Bwana Gilbert alikuwa ameshasimama mlangoni, viatu vyake vimelowa. Aliwafukuza wote wawili, akawaagiza warudi na wazazi.

Asubuhi iliyofuata wanawake watatu walikutana nyumbani kwa kina Elsie. Kulikuwa na mama yake, Edith, karani katika ofisi ya chifu. Kulikuwa na mdogo wake Edith, Anti Cynthia, mwenye saluni mjini Voi, ambaye alipanda gari la kwanza aliposikia habari. Na kulikuwa na Nzilani, mama yake Kathini, anayeuza vitunguu na nyanya kando ya barabara. Walikubaliana wanywe chai, huku mabinti wakingoja uani, kisha waende shuleni wakiwa na sauti moja. Chai haikuisha kabla ya sauti kuwa tatu.

"Jambo hili ni rahisi," Edith alisema. "Katiba inampa msichana haki sawa na mvulana. Tutamtaka apange zamu, wote wateke. Sheria ikifuatwa, yameisha."

Nzilani aliweka kikombe chini. "Yameisha kwa nani, Mama Elsie? Watoto wote watolewe darasani ndipo tuseme ni haki? Kuteka maji ni kazi. Nilipokuwa katika shamba la mkonge tuligoma kwa sababu kazi ya wanawake ilichukuliwa kama si kazi. Shule hii inapata maji ya bure kwa shingo za watoto wetu. Waajiri mtu, wamlipe!"

Anti Cynthia alicheka, lakini uso wake haukuwa na furaha. "Na akilipwa, Titus ataacha kuamini kwamba alizaliwa ili aletewe maji? Nani aliamua wasichana ndio wateke? Wanaume wa kamati. Nyumbani wanaamua wao, kanisani wao, shuleni wao. Mimi niliolewa na mtu asiyeweza hata kujimiminia chai, na katiba yako, dada, haikuwahi kuingia jikoni mwangu. Shida ni huo utawala wao. Usipoung'oa, mengine yote ni kupaka rangi ukuta uliopasuka."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu, Cynthia."

"Na wewe usinisomee vifungu!"

"Nyinyi wawili mna mshahara na biashara ya ndani," Nzilani alisema, sauti ikipanda. "Mimi nimeacha meza yangu juani kusikiliza ndugu wawili wakigombana!"

"Hakuna aliyeniuliza mimi," sauti ikasema mlangoni.

Ilikuwa Kathini. Wote wakamgeukia.

"Hata zamu zikihamishiwa baada ya masomo, Elsie atafika kwao jua likiwa bado juu. Mimi nitapita wakati ndovu wanashuka kutafuta maji. Shule ikiajiri mtu, kwetu bado hakuna mfereji. Na Anti, si kila mvulana ananingoja nimletee. Kaka yangu Kimeu hubeba maji pamoja nami kila jioni, na shuleni wanamcheka kwamba yeye ni msichana. Mnanisemea, lakini hamjui siku yangu ilivyo."

 Nzilani alimtazama binti yake kama aliyekuwa hajamwona kwa muda mrefu.

"Kathini," Elsie alisema taratibu nyuma yake, "nisamehe. Nilimwaga maji yako."

"Sijakusamehe bado," Kathini akajibu. "Lakini twende."

Ofisini, Bwana Gilbert aliwapokea kwa tabasamu la dharau. Madam Moureen, mwalimu wa darasa la kina Elsie, aliketi pembeni. "Naona wamekuja wale wafeministi wa kwenye runinga," Bwana Gilbert alisema.

"Ndio sisi," Anti Cynthia alisema. "Tuketi wapi?"

Mwalimu mkuu alimgeukia Edith. "Wewe ni mtu wa ofisi, Mama Elsie, utaelewa. Tupange zamu. Wavulana nao watateka. Hawa wenzako tuwaache na kelele zao."

Lilikuwa jambo lile lile ambalo Edith alilitaka asubuhi. Elsie alimwona mama yake akifungua kinywa, kisha akimtazama Kathini na kukifunga.

"Hapana," Edith alisema. "Hakuna mtoto atakayetoka darasani kuteka maji. Si msichana, si mvulana."

"Kuna mzee mwenye mkokoteni wa punda pale kioskini," Nzilani akadakia. "Alipwe kama anavyolipwa mpishi. Na walimu wanaotaka kufua, wateke yao."

"Na kina mama waingie kwenye kamati inayoamua," Cynthia akasema. "La sivyo mwaka ujao tutakuwa hapa tena."

"Na wanaoishi mbali waruhusiwe kuondoka mapema," Kathini akaongeza, bila kuinamisha macho.

Bwana Gilbert alipiga meza. "Nyinyi mnaniamrisha katika shule yangu?"

Hapo Madam Moureen akasimama. "Mwalimu, jambo hili likifika ofisi ya elimu, nitaulizwa wasichana wangu walikuwa wapi saa ya Hesabu. Nitasema ukweli."

Mwalimu mkuu aliondoa mkono mezani, akasema ataiita kamati. Kabla ya wiki kwisha mkokoteni ulianza kuleta maji, wasichana wakafundishwa upya masomo waliyokosa, wanaoishi mbali wakaruhusiwa kuondoka mapema, na kina mama wakaalikwa katika mkutano wa kamati. Elsie naye alitakiwa kulipa maji aliyomwaga. Kwa siku kadhaa aliyabeba hadi nyumbani kwa Kathini, ng'ambo ya reli, shingo ikimuuma, Kimeu akiwa mbele yao akichungulia vichaka. Siku ya mwisho Kathini alimwambia, "Sasa nimekusamehe."

Habari ya ugomvi wa kina mama ilienea. Katika somo la Maarifa ya Jamii, Titus aliinua mkono. "Madam, kumbe hata wafeministi wenyewe hawakubaliani? Basi tutawasikiliza vipi?"

Wengine walicheka. Madam Moureen hakucheka.

"Ufeministi ni kuamini kwamba mwanamke ni mtu kamili, na kudai atendewe hivyo," alisema. "Njia ndizo nyingi. Wako wanaotafuta usawa kwa kubadilisha sheria, kama Mama Elsie; hao huitwa waliberali. Mama Kathini yuko pamoja na wasoshalisti, wanaouliza ni kazi ya nani inayoliwa bure. Anti Cynthia angeitwa mradikali, kwa sababu anautaka mzizi wenyewe, yaani mazoea ya wanaume kutawala kila mahali. Halafu kuna wanaosema kama Kathini kwamba wanawake hawabebi mzigo mmoja, kwa kuwa umaskini, umbali, kabila au ulemavu humwongezea mwingine mzigo juu ya mzigo. Jiulize, Titus, ni nani kati yao tungemwacha nje ya ofisi ile na bado tupate tulichopata?"

Titus akainamia daftari lake.

Madam Moureen akamgeukia Elsie. "Hasira yako ilikuwa ya haki, na usikubali mtu akuambie uiache. Mtu asiyekasirika akionewa ataonewa kesho pia. Kosa lako lilikuwa kusema 'sisi' kabla ya kumuuliza uliyekaa naye dawati moja. Kasirika, binti yangu. Lakini uliza kwanza, ndipo upige kelele, na kelele yako itakuwa na watu nyuma yake."