Sabuni ya Glodie na Beseni la Mama Priscille

Glodie hakuwa na meza sokoni. Hakuwa na mizani, wala karatasi nzuri ya kufungia bidhaa, wala mjomba ofisini, wala viatu vya kuzuia tope la Bunia. Kila siku baada ya shule alitembeza mitaani kikapu cha sabuni ya mawese aliyopika mama yake, Clémence, na kila siku alirudi na karibu yote.

Kitu kimoja alikuwa nacho: hotuba. Aliijifunza katika kambi ya wakimbizi, magari ya misaada yalipofika na watoto wakapangwa mstari waeleze walivyokimbia vita vya Djugu. Waliolia ndio waliopewa blanketi kwanza. Tabia hiyo inachukiza, na si watoto walioianzisha, wakubwa waliwafundisha. Tangu hapo Glodie aliisema hotuba yake kwa kinyozi, kwa fundi wa pikipiki, kwa yeyote.

Jumatano mama yake alimwambia, "Sabuni isipopata mununuzi wa kila juma, nitaenda Bambu kuponda mawe ya dhahabu. Weye utabaki kwa jirani."

Kesho yake Glodie aliingia kwa Mama Priscille, mgahawa wa mabati ambako madereva wa pikipiki walikula samaki wa Mahagi-Port. Mlangoni palikuwa na beseni la kunawia. Maji yake yalikuwa ya kijivu, na juu yalielea mafuta, magamba na nzi waliokufa. Kila aliyemaliza kula alitumbukiza vidole humo, akavitoa vikinuka zaidi. Dereva mmoja, Fiston, alichungulia akakunja pua.

"Mama Priscille, hii ni ya kunawa ao ni supu ya kesho?"

Wenzake walicheka, lakini mmoja alisukuma sahani yake na kutoka bila kumaliza.

Glodie hakulitazama beseni. Aliinamisha kichwa, akalegeza sauti.

"Mama, siye tulikimbia vita. Nyumba yetu iliungua. Tulilala porini..."

"Nyamaza kwanza," alisema Mama Priscille, uso umemkunjamana kama mtu aliyeng'ata kitu kilichooza. "Mimi nilikimbia na mutoto mugongoni. Huyu anayekata vitunguu alizika kaka yake njiani. Unakuja kutuuzia machozi, siye wenye kuwa nayo? Inanichefua. Mu kitunga iko nini?"

"Sabuni, mama."

"Sasa mbona husemi sabuni?"

Glodie aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alipogeuka aondoke, harufu ya beseni ikampiga puani. Akasimama.

"Mama, mikono ya wateja wako inanuka samaki," alisema, safari hii bila kulegeza sauti. "Sabuni yetu iko na mchaichai. Nipe maji safi uone."

Alimwaga uchafu ule mtaroni. Chini ya beseni palikuwa na utelezi mzito kama makamasi. Aliusugua kwa mchanga huku amebana pumzi. Kisha akalijaza maji safi, na Fiston akanawa kwa sabuni yake. Alinusa vidole, akanusa tena.

"Leo mke wangu atanifungulia mlango," alisema, na mgahawa mzima ukacheka.

Mama Priscille alichukua sabuni yote, akaagiza nyingine kwa kila juma. Bambu haikutajwa tena nyumbani kwa Clémence.

"Sikia, mwanangu," alisema Mama Priscille kabla Glodie hajaondoka. "Wale wa magari ya misaada walitaka kujua umepoteza nini. Mimi nilisumbuliwa na beseni. Kabla ya kufungua kinywa, angalia anayekusikiliza anasumbuliwa na nini. Na huzuni yako usiichuuze. Hiyo ni ya nyumbani. Dada yangu Bénédicte ni mkunga kule Irumu. Umuandikie. Lakini yeye hauzi samaki."

Jioni Glodie aliandika kwa mkunga kuhusu kufua vitambaa vya watoto wachanga, na sabuni isiyotiwa harufu yoyote ambayo mama yake angempikia. Clémence alisoma, akatikisa kichwa kukubali. Asubuhi Glodie alibandika bahasha kwa ugali laini, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika, akampa Fiston aliyekuwa akielekea Irumu. Pikipiki ikaondoka nayo.