Baba Aliyeandikwa Marehemu

Kila siku kengele ya chakula ilipolia, Trizah alitoa kadi ya kijani mfukoni mwa sketi, akajipanga foleni mlangoni pa jikoni. Mpishi aliitazama kadi bila kumtazama mwenyewe, akampakulia githeri, mahindi na maharagwe. Trizah akatoka nje kumtafuta Valentine, ambaye alikuwa akimngoja kwenye ngazi za darasa la Gredi ya Sita, kijiko mkononi. Walikula sahani moja. Mara nyingi Valentine ndiye aliyemalizia, kwa sababu Trizah alipenda kusema ameshiba.

Hakuwa ameshiba. Kadi zile zilikuwa arobaini tu, na kanisa moja lilizitoa kwa watoto waliofiwa na mzazi. Baba yake Valentine alifariki mwaka uliotangulia, akazikwa kwao Kakamega, na Valentine akarudi shuleni akiwa amenyolewa kichwa. Lakini alikuta orodha ya kadi imejaa. Jina la Trizah lilikuwa la kumi na saba katika orodha hiyo, na baba yake Trizah alikuwa hai, mzima wa afya, akichomelea mageti Kawangware.

Jumatatu moja ya mwezi wa Juni, Mwalimu Kaloki alimwita Trizah baada ya masomo, akampa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri wa shule. Ilikuwa ya afisa wa watoto. Mama yake Trizah aliiomba ili ithibitishe kwamba binti yake anasoma pale, na wazazi wake ni nani. Alhamisi ndiyo siku ambayo afisa angewakutanisha mama na baba ili suala la matunzo ya Trizah liamuliwe.

"Nimeandika kila kitu kama kilivyo kwenye rejista," mwalimu akasema. "Isilowe."

Trizah aliishika bahasha kwa ncha za vidole. Alijua rejista ile inasema nini, kwa sababu maneno yake yalitoka kwenye fomu ya chakula aliyoijaza kwa mkono wake mwenyewe. Mbele ya maneno "jina la baba" aliandika Shivachi. Mbele ya "anakofanya kazi" aliandika: marehemu.

Safari ya mama yake inafaa ikumbukwe, maana wanaoisahau ni wale ambao hawakuitembea. Shivachi aliondoka nyumbani kwao mtaa wa Raila, Kibera, Trizah akiwa na miaka saba. Alisema anakwenda kutafuta kazi. Kazi aliipata, kwa kuwa alikuwa fundi hodari, ila njia ya kurudi ndiyo hakuipata. Sella, mama yake Trizah, alibaki akiuza sweta za watoto za mitumba katika Soko la Toi. Aliishiwa mara nyingi, akakopa mara nyingi, na alipokwenda kwa chifu kushtaki alipewa barua ya kumwita Shivachi. Aliyepewa kazi ya kuipeleka hiyo barua alikuwa Sella mwenyewe. Wenye viti na mihuri walibaki wameketi, na mwenye njaa akafanywa tarishi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, miaka miwili iliyopita, mama na binti walitembea kutoka Raila, wakapita Toi, wakafuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, wakapanda mpaka Kawangware. Fundi waliyemkuta kwenye karakana alikofanya kazi Shivachi aliwaambia amepata kazi Kitengela na hajulikani atarudi lini. Mama aliiacha barua, wakarudi kwa miguu. Alipeleka nyingine mwezi wa Mei, na nyingine Septemba, na kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Lakini Jumamosi ile ya kwanza Trizah aliona kitu ambacho mama yake hakukiona. Alikaa nacho kimya njia nzima. Jumatatu yake fomu ya chakula ikaja darasani. Trizah alijua mambo yalivyo pale shuleni. Mtoto aliyeachwa na baba alichekwa, aliyefiwa alihurumiwa. Akaandika marehemu, na kuanzia wiki ile akala.

Sasa bahasha ilikuwa mkononi mwake. Alipofika kwenye daraja la mbao alisimama juu ya maji meusi, akafikiri jinsi ingekuwa rahisi. Hakuitupa. Aliificha chini ya godoro, na mama alipouliza, akasema mwalimu hajaandika. Jumanne alisema vivyo hivyo.

Jumatano jioni mama alikuwa akipiga pasi nguo yake ya kanisani. Alieleza, kama anayejisemea, kwamba barua ya shule ikikosekana kesho, faili litasukumwa hadi Agosti. Mara hii afisa mwenyewe ndiye aliyempigia Shivachi simu, na amekubali kuja. Nani ajuaye kama Agosti atapokea tena? Akaiweka pasi pembeni, akasema asubuhi ataanzia shuleni, amuulize Mwalimu Kaloki kinachomshinda ni nini.

Trizah akainua godoro. Alisema alikuwa amesahau. Mama hakumkemea, aliipangusa bahasha kwa pindo la leso, akaitia kwenye mkoba pamoja na cheti cha kuzaliwa. Ulikuwa wakati wa kusema. Trizah alifungua kinywa, akauona uso wa mama ukiwa na matumaini kwa mara ya kwanza mwaka ule, akakifunga.

Afisa wa watoto waliyemkuta Alhamisi aliitwa Madam Mumbua, mwanamke mfupi aliyezungukwa na mafaili mpaka mabegani. Shivachi aliingia akiwa amechelewa nusu saa, shati limenyooshwa, akawasalimu kama mgeni mashuhuri. Alimtazama Trizah, akasema mtoto amekua. Kisha akaanza kujieleza. Yeye hajawahi kukataa damu yake. Ni vile hakuna aliyemtafuta. Hajaona barua hata moja, hajapigiwa simu hadi juzi na afisa, alidhani Sella alirudi kwao Vihiga. Angejuaje?

Madam Mumbua alimpokea Sella karatasi zake. Alichana bahasha ya shule, akasoma. Akarudia kusoma. Kisha akavua miwani.

"Mama Trizah," akasema, "mume wako alifariki lini?"

Sella hakuelewa swali. Barua ikageuzwa upande wake, naye akaisoma neno kwa neno. Shivachi akanyoosha shingo, akasoma pia, hadi mstari wa chakula cha waliofiwa, akacheka mpaka akashika meza.

"Basi niruhusu niende, Madam. Maiti hailipi karo."

Kicheko kilipoisha, akakunja uso. Alisema mwanamke huyu amekuwa akila sadaka za wafiwa kwa jina lake. Amemzika akiwa hai. Sasa hayo mengine anayoyadai nani atayaamini? Madam Mumbua akaeleza taratibu kwamba hawezi kuendelea na karatasi yenye uongo, na kwamba itabidi uchunguzwe kwanza. Alipoulizwa itachukua muda gani, hakutaja siku. Akalifunga faili.

Sella alikaa tu, mikono mapajani. Hakujua chochote kuhusu fomu ile.

"Si mama," Trizah akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Si mama aliyeandika. Ni mimi."

Madam Mumbua akamuuliza kwa nini. Trizah aliongea akitazama viatu vyake.

"Tulienda Kawangware, mimi na mama. Yule fundi mwingine alisema baba yuko Kitengela. Lakini nyuma ya geti moja lenye maua ya chuma kulikuwa na mtu amechutama, amevaa ile kofia ya kuchomelea, ya kufunika uso. Stima ilikuwa imepotea, Madam. Hata posho mili, mashine ya kusaga unga, ilikuwa imenyamaza. Hakukuwa na moto, hakukuwa na cheche, na yeye amejifunika kama anayechomelea." Akainua macho, akaelekeza kidevu mezani. "Mkono ulikuwa ule."

Wote wakautazama mkono wa kushoto wa Shivachi uliokuwa juu ya meza. Kovu la moto lilitoka kifundoni likaenda hadi kidole gumba. Shivachi akaushusha.

"Kofia ilikuwa wazi mwanzoni," Trizah akasema. "Aliniona. Ndipo akaishusha usoni."

Shivachi alisema watoto hufundishwa maneno. Lakini hata yeye alimwona Sella, ambaye alikuwa amemgeukia binti yake akimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Uso ule haukuwa wa mtu aliyemfundisha mtu kitu.

Madam Mumbua akauliza barua iliachwa wapi siku hiyo. Trizah akajibu kwamba mama aliiweka juu ya benchi la kukatia vyuma, akaikandamiza kwa kipande cha bomba isipeperuke.

"Ile ililowa mvua, haikusomeka," Shivachi akasema.

Madam Mumbua akaiweka kalamu chini. Kutoka nje ulisikika mlio wa honi ya pikipiki. Shivachi alikuwa wa mwisho kuyasikia maneno yake mwenyewe, na alipoyasikia, aliinamisha kichwa.

Madam Mumbua akalifungua faili upya. Alimwambia Shivachi kwamba sheria ya Kenya humtwika baba mzigo sawa na mama, wameoana au hawakuoana, na kwamba anachotakiwa kutoa si zawadi. Wakaandikiana makubaliano: pesa za chakula, shule na matibabu, zitumwe kupitia simu, kabla ya tarehe tano kila mwezi. Akikosa, faili litakwenda mahakamani bila barua nyingine. Sella akaomba jambo moja liongezwe, kwamba kama kutakuwa na barua, ofisi ndiyo itakayoipeleka. Madam Mumbua akaliandika bila kumtazama machoni.

Mlangoni Shivachi alimuuliza Trizah kama bado anapenda kuchora. Trizah akasema ndiyo. Akashika mkono wa mama, wakatoka.

Jumatatu Trizah aliweka kadi ya kijani juu ya meza ya Mwalimu Kaloki kabla hajaulizwa. Alimweleza yote, hata habari ya Valentine na sahani moja. Mwalimu aliigeuza kadi mkononi, akaiweka kando. Mwishowe akaifungua rejista, akapiga mstari juu ya neno lile, akampa Trizah kalamu. Trizah akaandika: Fundi wa kuchomelea, Kawangware.

"Kadi ni ya Valentine kuanzia leo," mwalimu akasema. "Utamwambia sababu wewe mwenyewe."

Valentine alisikiliza, akaondoka. Siku mbili hakumsemesha, na siku hizo mbili Trizah aliketi peke yake kwenye ngazi, akinywa maji ya bomba. Siku ya tatu sahani ya githeri ilitua kando yake.

"Leta kijiko," Valentine akasema. "Lakini siku ukinikasirikia, usiniandike marehemu na mimi."

Tarehe nne ya mwezi wa Julai, simu ya Sella iliita akiwa kibandani Toi. Alisoma ujumbe wa pesa zilizoingia, akairudisha simu mfukoni. Hakushangilia. Alisema tu kwamba mwezi ujao pia una tarehe tano, na yeye hasahau. Kisha akamwita Trizah akae juu ya marobota, wakunje sweta pamoja.

"Kwa miaka miwili nilikuwa natafuta shahidi," akasema. "Kila ofisi niliambiwa, mama, nani alimwona? Kumbe shahidi nalala naye kitanda kimoja."

"Sikutaka uumie, mama."

"Najua. Lakini aibu ya siku ile ilikuwa ya aliyejifunika uso. Wewe ukaiokota, ukaibeba, na kwa kuibeba ukala chakula cha mwenzako, na baba yako akalala usingizi. Ukificha kosa la mtu mzima, humlindi mama yako. Unamlinda mkosaji." Alikunja mkono wa sweta, akaulainisha kwa kiganja. "Siku nyingine ukiona jambo, niambie, hata kama litaniuma. Maumivu nayaweza, mwanangu. Nisichokiweza ni kile ambacho sijui kipo."

Jumatatu iliyofuata Trizah alikwenda shuleni na mkebe wake mwenyewe, wali na maharagwe. Alipofika kwenye ngazi, Valentine alikuwa amemwekea nafasi.