Majaribio Matano Kabla ya Saa Moja

Karani wa vipimo aliikuta kompyuta imezimika. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na mkoba ulikuwa bado begani mwake. Ijumaa jioni aliiacha ikiwaka, skrini ameifunga kwa neno lake la siri, na faili la vipimo liko wazi. Ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ile ya miguu ya bandia. Kompyuta haizimwi na faili halifungwi, kwa kuwa mashine ya kuchonga kalibu za miguu huchota vipimo humo muda wote.

Alipoiwasha, faili liligoma kufunguka. Vipimo vya wagonjwa wanne vilikuwa vimeharibika, akiwamo bibi mmoja aliyesafiri siku mbili kuja kupimwa. Hii ilikuwa Jumatatu ya tatu mfululizo.

Kufika saa tatu, mkuu wa karakana alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumwachisha karani kazi. Angempa saa tisa alasiri. Fundi wa kompyuta aliitwa, si kumtetea karani, bali kuthibitisha kwamba chombo ni kizima na kosa ni la mtu.

Fundi mwenyewe alikuwa msichana mwembamba, mwaka wa pili tangu amalize chuo. Walimwita Bisibisi, kwa kuwa hakuachana nayo. Hata nywele alizibania kwa bisibisi hiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Usinipotezee muda. Yule binti ni mzembe, anaizima hovyo akiwa na haraka zake."

"Wewe huitumii kabisa?"

Mkuu aliinua viganja vyake, vyeupe kwa plasta. "Mimi? Hata pa kuiwashia sipajui. Mimi na mbao, basi. Chombo gani hiki, mtu mzima akikosea neno kinamwamuru asubiri nusu saa! Sitaki mwalimu uzeeni." Akageukia dirisha. "Kabla ya huyu, kile kiti alikikalia binti yangu. Miaka sita, hakikupotea kipimo hata kimoja."

Bisibisi alijua. Karakana nzima ilijua. Homa ya siku tatu tu ilimchukua, miezi minane iliyopita, na jina lake lilikuwa bado halijafutwa kwenye ubao wa zamu.

Alimkuta karani stoo, amekaa juu ya gunia la plasta, macho yamevimba.

"Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika mbili. Niliifunga, nikaangalia mara mbili. Siku hizi naangalia mara mbili hata mlango wa choo."

"Unajua neno la siri la mtu mwingine yeyote?"

"Dada, hata langu nalisahau nikitoka mapumziko." Alitaka kucheka, kicheko kikamkwama. "Barua ile ikisema nimewaharibia wagonjwa, nani tena ataniruhusu nimguse mgonjwa? Na mimi kazi nyingine siijui. Wala siitaki."

Bisibisi alimbana bega, akatoka.

Mbali na mkuu na karani, mwenye funguo wa tatu alikuwa msafishaji, mama wa makamo waliyemwita Mama Ndoo. Huyu hakungoja kuulizwa.

"Naingia saa moja kamili. Nachomoa ule waya ukutani, nachomeka mashine yangu ya kung'arishia sakafu, nikimaliza narudisha. Miaka tisa! Leo ndiyo mmeona nafaa kuchinjwa?"

Bisibisi alirudi mbio kwenye kompyuta. Kumbe ni waya tu! Alipiga magoti chini ya meza, akauchomoa mwenyewe. Kisanduku cha betri ya akiba kikalia pii, pii, lakini kompyuta haikutikisika. Akasoma kumbukumbu za betri. Kweli, asubuhi hiyo waya ulichomolewa saa moja na dakika nne. Kumbukumbu za kompyuta, hata hivyo, zilionyesha kwamba kufikia saa hiyo ilikuwa imekwisha kuzimika.

"Umeponea chupuchupu, shangazi."

"Nimeponea kwa sababu sina kosa," alisema Mama Ndoo, akabeba ndoo yake.

Bisibisi alikaa kwenye kiti cha karani, akazisoma kumbukumbu mstari kwa mstari. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, neno la siri lisilo sahihi. Kisha la pili, la tatu, la nne, la tano. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba, kitufe cha kuwashia kilikandamizwa na kushikiliwa mpaka umeme ukakatika. Jumatatu mbili zilizotangulia zilikuwa vivyo hivyo: majaribio matano, kisha kitufe.

Lakini aliyejaribu hakugusa akaunti ya karani. Alijaribu kuingia kwenye akaunti ya marehemu binti wa mkuu, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, au hakuna aliyekuwa na moyo huo.

Bisibisi aliifungua skrini ile ile. Picha ndogo ikatokea, binti ana chaki ya vipimo sikioni. Akaandika neno lolote. Kompyuta ikamkatalia, na chini yake kikatokea kidokezo ambacho mwenye akaunti alijiwekea ili asisahau: *Jina analoniita baba.*

Akakosea makusudi mara nne zaidi. "Akaunti imefungwa. Jaribu tena baada ya dakika thelathini."

Nusu saa.

Saa nane na nusu aliingia ofisini kwa mkuu, akarudishia mlango. Barua ilikuwa mezani.

"Mzee, ulisema hujui hata pa kuiwashia. Ulijuaje kwamba inamwamuru mtu asubiri nusu saa?"

"Nilisikia watu wakisema."

"Karani hajawahi kufungiwa. Nimeangalia mwaka mzima. Aliyefungiwa ni mmoja tu, mara tatu, Jumatatu, kabla ya saa moja." Akaweka kidole juu ya barua. "Na swali linaloulizwa pale halimhusu mwingine humu ndani."

Mkuu alianza kubandua plasta iliyokauka kwenye kucha, moja baada ya nyingine.

"Tuliachana vibaya," alisema mwishowe. "Tuligombana juu ya mguu wa mgonjwa, nani amekosea, mimi au yeye. Siku tatu baadaye sina mtoto. Nikaona lile swali. Nikasema, humo ndani lazima ameniachia neno. Lakini nilikuwa namwita majina mia, mwanangu! Kifaranga. Bibi Mdogo. Rula. Jumapili nzima nakaa nayakumbuka, Jumatatu naja na matano, kwa sababu inakubali matano tu. Halafu inafunga, picha yake inabaki pale inanitazama, nami sijui kuiondoa. Nakandamiza kitufe."

"Na karani?"

"Kwanza nilikuwa naona aibu." Akaigeuza barua kifudifudi. "Kisha nikataka aondoke. Kila nikipita namwona amekalia kile kiti, anacheka, anakula njugu. Nilitaka kiti kibaki kitupu. Ndiyo hivyo. Sina la kujipamba nalo."

"Basi mwambie mwenyewe, mzee. Mimi sitamwambia."

Alikwenda. Bisibisi aliwaona kupitia kioo cha mlango wa stoo: mzee amesimama, karani amekaa, barua inapasuliwa. Karani alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akasema kwa sauti iliyofika hadi ukumbini, "Kesho nitakuja, nimpime yule bibi upya. Leo siwezi kukutazama." Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Mkuu alirudi taratibu kwenye kompyuta. "Unaweza kuifungua?"

"Naweza kubadilisha neno la siri. Siwezi kulisoma. Lile jina tutalipoteza, mzee."

Mkuu aliigusa ile picha ndogo kwenye skrini. "Fungua."

Ilichukua dakika nne. Bisibisi alipekua kila folda, kila barua, hata pipa la taka. Alitamani kupata mstari mmoja tu. Angetoa chochote aupate.

"Kuna neno langu?"

"Hakuna. Kuna kazi tu. Vipimo."

Mkuu alivuta kigoda, akaketi, mikono juu ya magoti.

"Basi nisomee kazi."

"Mguu wa kushoto, chini ya goti," alianza Bisibisi. "Urefu sentimita thelathini na saba na nusu."

"Mwashi," alisema mzee akiwa amefumba macho. "Alikuwa mwashi huyo. Endelea."