Kopo la Yaryna na Mifuko ya Mwenyekiti

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi. Mimi na mjukuu wangu Yaryna, mwenye miaka kumi na miwili, tulikuwa tunapalilia viazi kama kawaida. Matuta ishirini: hicho ndicho chakula chetu cha majira yote ya baridi hapa kijijini Verbivka. Yaryna akageuza jani, akaniita. Mbawakawa! Mgongo wa manjano, mistari kumi myeusi, na kila shina lilikuwa na ukoo wake.

Hatujamaliza tuta, Mwenyekiti wa kijiji, Hordiy, akafika na gari la ofisi, akigawa mifuko ya dawa ya wadudu.

"Kila mtu apulizie Ijumaa," alisema. "Ni amri."

Mimi shule niliiacha darasa la nne, kusoma ni kazi ya Yaryna. Akaugeuza mfuko. "Mwenyekiti, dawa hii imeisha muda miaka minne iliyopita."

"Mdudu hajui kusoma, binti," Hordiy akajibu, na wanaume garini wakacheka.

"Mimi najua. Haiingii shambani kwetu. Tutaokota kwa mkono."

"Mzee Panas, mfunze mjukuu wako adabu! Viazi vikiisha, msije ofisini kulia njaa."

"Ofisini nililia mara moja tu," nikamwambia, "mlipofunga zahanati, mke wangu Motria akafia mkokotenini njiani kwenda mjini. Mlinipa nini? Ondoa gari lako."

Tulianza siku hiyohiyo. Nilimwonyesha Yaryna mayai ya rangi ya chungwa yaliyobandikwa chini ya jani. Hayo unayaponda kwa vidole. Nikamwonyesha mabuu mekundu yenye madoa meusi ubavuni, yanayokula kuliko wazazi wao. Mabuu na wakubwa wote huenda kwenye kopo la maji ya chumvi, wakae humo mpaka wafe.

Jumapili wenzake wakapita wakielekea mtoni. "Yaryna, mchumba wako mbawakawa hakupi ruhusa?"

Jioni nikamwuliza, "Umewaua?"

"Wote, babu."

Jumatano jirani yetu Khymka akapiga kelele kwenye uzio. "Panas! Njoo uone jeshi linavyovuka!"

Mbawakawa walikuwa wakipanda kutoka kwenye mtaro ulio kati ya mashamba yetu, wengine kwangu, wengine kwake.

"Wanatoka wapi hawa?" Khymka akafoka. "Mimi nimepulizia kama nilivyoamriwa!"

Hakuna aliyekuwa ameona walikotoka. Yaryna angeweza kunyamaza, na nusura anyamaze. Akausogelea uzio.

"Ni mimi, shangazi. Jumapili sikutia maji ya chumvi koponi. Niliwamwaga mtaroni wakiwa hai, nikakimbilia mtoni. Babu, nilikudanganya."

"Na vile ulivyomjibu Mwenyekiti kwa kiburi!" Khymka akaongeza.

"Kwa hilo siombi radhi," Yaryna akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini kidevu kiko juu. "Kwa mtaro naomba. Nitaokota hata kwenye matuta yako."

Akaokota kweli. Wiki tatu, asubuhi majani yakiwa na umande, na tena jioni, mashamba mawili. Khymka mwenyewe siku ya tatu akaja na kopo lake, akinung'unika. Mwisho wa Julai viazi vyetu vilikuwa na matundu kwenye majani, lakini vimesimama. Mashamba yaliyotegemea mifuko ya ofisi peke yake yalibaki vijiti vitupu.

Tulipokula viazi vipya vya kwanza, nilimwambia hivi: "Mdudu uliyemwacha hai hurudi na wenzake, na uongo ni hivyohivyo. Wewe uliurudia mtaro wako ukausafisha kwa mikono yako. Kwa hiyo neno lako nitaliamini."

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mkutano wa kijiji. Hordiy akasema hasara yote ni ya hali ya hewa. Yaryna akasimama, mfuko ule wa dawa mkononi.

"Mimi nilisema ukweli kuhusu kopo langu. Na hii mifuko, nani atasema?"

"Keti, mtoto. Muda umekwisha."

"Hata wa dawa ulikuwa umekwisha, mkatugawia hivyohivyo," akajibu. Safari hii watu walimcheka Hordiy.

Yaryna hakuketi. Khymka akasimama, nami nikasimama, kisha safu yote ya nyuma. Hordiy akainamia karatasi zake. Mjukuu wangu akamwuliza tena, polepole, kila mtu asikie:

"Nani aliinunua ikiwa imeisha muda, na kwa nini tukapewa sisi?"