Mwenyekiti Husema Mwisho

Mie naitwa Mwajabu binti Mfaume, mzaliwa wa Temeke. Nauza mikeka. Mingine naipeleka Unguja na Mombasa, kwa hiyo msinione hivi. Jirani yangu ni Mzee Albano, mchonga vinyago kutoka Newala. Ua wetu wa makuti ni mmoja. Akikohoa kwake, mie nasema pole kwangu.

Kila asubuhi, nikiwa bado napuliza moto wa chai, nasikia tezo za kwa Albano. Ko, ko, ko. Wote wako bandani. Yuko Albano mwenyewe. Yuko mdogo wake, Adelard. Yuko binti yake, Sesilia, anayepiga msasa mpaka kinyago king'ae. Na yuko Nikodemu, mume wa Sesilia. Huyo ndiye mjuzi wa mti wa mpingo. Akiligonga gogo kwa kidole, anajua kama limekauka au bado ni bichi.

Wallahi, vinyago vyao ni vizuri! Utaona watu waliobebana, mmoja juu ya mwingine, wote kwenye gogo moja. Wageni walikuwa wanatoka mjini mpaka Temeke kuvitafuta. Nawajivunia majirani zangu kana kwamba nachonga mie.

Uhuru ulikuwa na miaka minne wakati mwenye duka mmoja wa Nairobi alipovipenda vinyago hivyo. Akaagiza mzigo mkubwa. Bwana Maendeleo wa kwetu, Ansbert, akaisaidia familia kuandikisha kampuni. Akawaambia kampuni inatakiwa iwe na bodi ya wakurugenzi, yaani watu wachache wanaokaa pamoja na kuamua mambo makubwa.

Albano alifurahi sana. Yeye akawa mwenyekiti. Adelard, Sesilia na Nikodemu wakawa wakurugenzi. Kikao chao cha kwanza nilikisikia chote kupitia ua. Kilikuwa kifupi kuliko kuchemsha yai.

"Nairobi wanangoja," alisema Albano. "Tunapeleka vyote, hata vile tulivyochonga mwezi huu. Lori linaondoka Jumatatu. Mnasemaje?"

"Ndiyo, kaka," alisema Adelard.

"Ndiyo, baba," alisema Sesilia.

"Ndiyo, baba," alisema Nikodemu, kwa sauti ndogo.

"Basi, kikao kimekwisha."

Baadaye nilimkuta Nikodemu amesimama nyuma ya banda, kainamisha kichwa.

"Una nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Bi Mwajabu, magogo ya mwezi huu ni mabichi. Hapa pwani hewa ina unyevu, hutaona kitu. Lakini Nairobi hewa ni kavu. Mpingo mbichi ukifika kule utapasuka."

"Ala! Mbona hukusema kikaoni?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nimpinge mkwe wangu? Tena mbele ya binti yake? Kwetu mkwe hapingwi, Bi Mwajabu. Ni aibu kubwa."

"Haya," nikasema. Ningesema nini? Mambo ya ukweni hayaingiliwi.

Mzigo ukaenda. Masika yalipoanza, lori likarudi na masanduku yaleyale. Albano akafungua la kwanza. Akatoa kinyago chake kikubwa, kile cha watu waliobebana. Ufa ulikuwa umepita katikati, toka juu mpaka chini. Akatoa cha pili. Ufa. Akatoa cha tatu. Ufa.

Dereva alikuwa na maneno ya mwenye duka. "Anasema ninyi ni mafundi kweli," akasema. "Kwa hiyo atapokea mzigo mmoja mwingine. Huo nao ukipasuka, msimpelekee tena. Na wenye maduka wenzake wameviona vilivyopasuka."

Albano akakaa chini, kinyago mapajani. Sijawahi kumwona vile. Mtu anayeimba akichonga, siku hiyo akawa anaupapasa ufa tu kwa kidole. Iliniuma. Jina lake lilikuwa linakwenda kufa Nairobi, mji ambao hajaukanyaga. Nikajitupia kanga, nikamfuata Bwana Maendeleo.

Ansbert alipofika alisema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kampuni yako hiyo imetuponza."

"Pole sana. Lakini hebu niambie. Kwenye kikao, nani huanza kusema?"

"Mimi. Si ndiye mwenyekiti?"

"Na ukishasema, wenzako wanasemaje?"

"Wananiunga mkono. Watoto nimewalea vizuri mimi."

Nikacheka mpaka nikashika ua. Albano akanikata jicho.

Ansbert hakucheka. "Mzee, ukiuza hapa Temeke, kila kitu unakiona kwa macho yako. Unamwona mnunuzi, unaiona hali ya hewa. Ukiuza nchi nyingine, huoni. Hapo ndipo bodi inapofanya kazi. Bodi inauliza kabla ya safari. Je, mali iko tayari? Huko inakokwenda kukoje? Mambo yakiharibika, tutabaki na nini? Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Lakini hao wengi wakinyamaza, neno linaharibika vilevile."

"Sasa nifanyeje?"

"Kuanzia leo mdogo aanze kusema, mkubwa amalizie. Mwenyekiti aseme mwisho. Wakikusikia wewe kwanza, hakuna atakayefungua mdomo. Halafu muongeze mkurugenzi mmoja asiye ndugu. Awe mtu anayejua biashara ya nje, na asiyekuogopa."

"Asiyeniogopa?" Albano akashangaa. "Hapa Temeke yuko nani?"

Wote wakageuka wakanitazama mie.

"Huyu?" akasema Albano. "Mdomo wake huu?"

"Ndio unaotakiwa, mzee," akasema Ansbert.

Nikakubali hapohapo, asije akaghairi.

Kikao kilichofuata tulikaa Jumamosi alasiri, bandani. Jambo lilikuwa zito. Adelard alikuwa amepata habari kwamba kuna chumba cha duka kinapangishwa Nairobi. Sote tulijua Albano anakitaka. Anataka kufungua duka lake mwenyewe mara moja, apeleke mzigo mkubwa zaidi, afute ile aibu. Mzigo huo ukipasuka, Nairobi imefungwa. Lakini safari hii mwenyekiti alitakiwa kungoja. Akang'ata midomo, masikini, jasho likimtoka.

Sesilia alianza. "Baba, duka hilo atakaa nani? Nani kati yetu anawajua watu wa kule?"

Swali zuri.

Ikafika zamu ya Nikodemu. Akashika patasi, akaiweka. Akaishika tena. Akamtazama mkwe wake, akainamisha kichwa. Nikaona anataka kusema "ndiyo, baba" yake ileile. Hapana, sikuvumilia.

"Nikodemu," nikasema, "humu ndani wewe ni fundi wa mpingo. Ukwe uache hapo mlangoni, utauchukua ukitoka."

Akasimama.

"Baba, unisamehe. Magogo tuliyonayo bado ni mabichi. Tukiyapeleka yatapasuka tena. Tuyapake nta kwenye ncha, tuyalaze kivulini, tungoje yakauke polepole. Kwa sasa tupeleke vinyago vichache tu, vya yale magogo ya zamani. Na duka... duka tusifungue. Bado."

Adelard akatazama chini. Sesilia akashika mdomo. Albano akainuka polepole, akamsogelea mkwewe.

"Ule mzigo wa kwanza," akauliza, "ulijua utapasuka?"

"Nilijua, baba."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza kwa heshima."

"Nikodemu!" Sauti ya mzee ilipasuka. "Heshima gani hiyo, mwanangu? Heshima hiyo imenivunjia jina!"

Nikodemu machozi yakamlengalenga. Nami niliona uchungu, maana yule kijana hakuwa na nia mbaya. Alifanya kama alivyofundishwa.

Adelard akasema anakubaliana na Nikodemu. Mie nikasema vilevile. Nikaongeza kuwa hata mikeka yangu, Mombasa nilianza na mafungu mawili tu, nikawajua watu kwanza. Kisha tukamgeukia mwenyekiti.

Albano akarudi akakaa mahali pake. "Mimi nilitaka duka," akasema. "Na bado nalitaka, msidanganyike. Lakini bodi imesema tungoje. Tutangoja."

Tukapeleka vinyago vichache. Tukangoja habari, roho juu. Habari zikaja kuwa vimefika vizima, na vyote vimenunuliwa. Tukapeleka vingine, na vingine tena. Ule mpingo uliolala kivulini nao ukakauka. Nikodemu akawa haruhusu gogo kuguswa mpaka aligonge yeye mwenyewe. Hata Albano alikuwa anaomba ruhusa!

Mwaka uliofuata, mwenye duka wa Nairobi akaja mwenyewe Temeke. Alikaa bandani kwa Albano, akanywa chai yangu, akala mihogo. Akavigeuza vinyago huku na huku akitafuta ufa. Hakuuona.

"Mzee," akasema, "mafundi wengi wananiletea mali. Ya kwenu tu ndiyo haipasuki. Tufungue duka pamoja kule, mimi na ninyi. Lakini nataka mtu wa kwenu alisimamie, mtu mnayemwamini. Mtanipa nani?"

Sie wakurugenzi tulikuwa tumeshakaa kikao juu ya jambo hilo, maana alikuwa amelidokeza kwenye barua. Sesilia alianza kusema, na Albano akamalizia. Kwa hiyo jibu lilikuwa tayari.

Albano akamshika Nikodemu mkono, akamsogeza mbele. Kwao mkwe hashikwi mkono hivyo mbele ya wageni.

"Mchukue huyu," akasema. "Huyu ndiye aliyenipinga."