Kiti Kilichorudi Nyuma

Tik. Tik. Tik. Hapajapambazuka bado, na kinyozi alikuwa amechuchumaa sebuleni, akidondoshea mafuta magurudumu ya kiti cha mkewe. Alifanya hivyo kila alfajiri kabla ya kwenda kufungua kibanda chake. Alitaka kiti kiwe chepesi, mkewe asihangaike.

Miguu ya mkewe haikuwa na nguvu tangu utotoni. Mikono yake, hiyo ilikuwa habari nyingine. Kwenye kikundi cha michezo walimwita Mzinga, kwa jinsi alivyotupa tufe. Jumamosi kulikuwa na mchujo. Atakayetupa tufe la kilo tatu na kufika mita tano ataingia kwenye timu. Mzinga alizoea kufika mita nne na nusu na ushee. Wiki hizi hata hapo hakufika.

Jioni iliyopita, akikunja nguo, alisema taratibu kwamba labda mikono imechoka, bora ampishe mwingine. Asubuhi kinyozi alimpigia simu shemeji yake, dada mkubwa wa Mzinga, ambaye ni mwalimu wa fizikia.

Mwalimu alifika alasiri. Alimtaka mdogo wake akae kwenye vigae vya barazani, afunge breki, atupe tufe uani. Tufe liliruka, likatua kwenye udongo. Kinyozi alikimbia kulipima.

"Shemeji, rudi," mwalimu alimwita. "Umeona nini?"

"Nimeona tufe."

"Tufe kila mtu analiona. Mimi nimeona kiti. Kimerudi nyuma."

Walirudia mara tatu, kinyozi akipima muda kwa simu. Kila mara kiti kilirudi nyuma kigae kimoja, yaani sentimita thelathini, kwa sekunde moja hivi.

Mwalimu alitoa chaki mkobani, akaandika sakafuni. Alieleza kwamba ukisukuma kitu mbele, nacho kinakusukuma nyuma. Chukua kilo, zidisha kwa mwendo: jibu la kinachokwenda mbele ni sawa na la kinachorudi nyuma. Mzinga na kiti chake ni kilo sitini. Sitini mara sifuri nukta tatu ni kumi na nane. Basi tufe nalo lina kumi na nane. Gawanya kwa kilo zake tatu.

"Sita," alisema kinyozi, aliyezoea hesabu za kichwa.

"Mita sita kila sekunde. Kiti kimetwambia mwendo wa tufe."

Kisha akahesabu nishati ya mwendo. Kilo tatu, mara sita, mara sita tena, gawanya kwa mbili: jouli hamsini na nne. Hiyo inatosha kulinyanyua tufe lile kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu. Mwendo unazidishwa kwa mwendo huohuo, alisema, ndiyo maana ukiuongeza kidogo tu, nishati inaongezeka sana.

"Sasa, mkono unakwenda mbele huku kiti kinauvuta nyuma. Kiti kikitulia, tufe litapata mita sita nukta tatu kila sekunde. Nishati itakaribia jouli sitini. Mikono haijachoka, mdogo wangu. Kiti ndicho kinakuibia."

Kinyozi akauliza: breki zimefungwa, mbona kiti kinarudi? Mwalimu aligusa pale breki inapobana tairi, akaonyesha kidole. Kilikuwa kinang'aa mafuta.

Kinyozi aliketi sakafuni pu! Alihisi uso unamuwaka. "Kumbe ni mimi."

"Nilijua tangu wiki iliyopita kwamba hazishiki," Mzinga alisema. "Lakini kila alfajiri nakusikia unavyonyata usiniamshe. Ningeanzia wapi kukwambia uache?"

Kinyozi akaenda kuleta sabuni na kitambaa.

Waliosha tairi na breki. Mwalimu alisema breki peke yake hazitoshi. Kiti kifungwe kwa mikanda minne kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini. Hapo Mzinga atakuwa anaisukuma dunia nzima, na dunia ni nzito mno, haitasogea.

"Hata akiisukuma huyu?" kinyozi alitania. "Humjui mdogo wako."

Jumamosi, uwanjani, kinyozi alikaza mikanda mwenyewe, akaitikisa mmoja mmoja. Mzinga alitupa. Kiti hakikusogea hata unywele. Mpimaji alivuta futi yake, akainama, akasoma mara mbili: mita tano na sentimita nne. Kinyozi alimshika mkewe begani.

Jioni walimsindikiza mwalimu, aliyekuja kushuhudia, hadi kituo cha basi. Mzinga alimshika mkono, hakuuachia.

"Dada, uje tena. Usisubiri tupate shida. Uje tu, tukae."